Kijiko Kimoja cha Zaatari

Mama wa bwana harusi alimega paja la sungura, akalinusa kabla hajalitia mdomoni, kisha akalirudisha kwenye sinia.

"Linanuka dawa ya kikohozi," alisema, na wanawake wote waliokuwa wameketi kuizunguka ile sinia wakaacha kutafuna.

Galila alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Yeye ndiye aliyewafuga wale sungura, yeye ndiye aliyewachuna asubuhi ile na kuwapika kwa mchuzi wa mlukhia, mboga ya kuteleza kama mlenda, mpaka vidole vikamchubuka kwa kukata majani.

"Ni zaatari, mama, yale majani ya kiungo," alisema. "Nawachanganyia mafuta yake kwenye chakula wakiwa wadogo, wasiharishe. Lakini hawa waliacha kuyala zamani, harufu haifiki kwenye nyama."

"Kwa hiyo pua yangu ndiyo mbovu?"

Hajjat Bahiya, mama mkwe wake Galila, alicheka kicheko cha mtu anayeziba tundu. "Mwache huyo, dada yangu. Tangu yule mhandisi wa kike wa ofisi ya kilimo amtie maneno kichwani, nyumba hii imekuwa duka la mganga. Kula, kula. Nagwa, mletee mama mkwe wako limau!"

Nagwa, binti wa mwisho wa nyumba ile ambaye posa yake ndiyo iliyokuwa ikiliwa siku ile, akaleta limau. Mgeni alilikamua taratibu, akala kidogo, akajifuta midomo, kisha akauliza lile lililomleta.

"Na friji? Mmeshanunua?"

"Ipo dukani, inatusubiri," Bahiya alidanganya.

"Ya mlango mmoja au miwili?"

Bahiya akamsogezea sinia.

"Nauliza tu," mgeni alisema. "Siku vyombo vya bibi harusi vinapopita barabarani juu ya gari, watu wanaangalia friji kwanza. Mke wa mwanangu mkubwa alikuja na ya milango miwili. Sitaki huyu wa pili aje ajisikie mnyonge ndani ya nyumba moja."

Bahiya akainua macho juu, kwenye dari, kana kwamba anamwomba Mungu. Lakini Galila alijua mama mkwe wake hamtazami Mungu. Juu ya dari ile palikuwa na vizimba vya vijiti vya makuti ya mtende, na ndani yake sungura.

*

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza sungura wa Galila kupona. Miaka yote mambo yalikuwa yale yale: vitoto vinazaliwa vizuri, vinanenepa kwa maziwa, na vikishaachishwa ziwa tu, matumbo yanavimba, mikia inalowa, na kila asubuhi Galila anashuka na kikapu cha maiti. Alinunua unga wa dawa dukani mpaka unga wenyewe ukaacha kusaidia. Ndipo Bi Safinaz, yule mhandisi wa ofisi ya kilimo, alipowaambia wanawake wa kijiji cha Izbat Hamdun wajaribu mafuta ya zaatari. Wengine walicheka. Galila hakucheka, kwa sababu kila msimu alikuwa akienda kuchuma maua kwa ajili ya kiwanda kinachokamua mafuta ya mimea kwa mvuke, na aliwafahamu watu wa pale. Alipata chupa ndogo. Alipima, akavuruga, akawalisha. Vitoto vilipopita wiki mbili bila hata kimoja kulowa mkia, aliketi kati ya vizimba akalia peke yake.

Tawab, mumewe, baba wa binti yao Warda, hakuwa na desturi ya kupanda darini. Alikuwa kibarua wa ujenzi Kairo, na siku alizokuwa nyumbani alizimalizia kwenye mkahawa. Kwa hiyo jioni ile Galila aliposikia hatua zake kwenye ngazi, alijua kuna jambo.

"Wamenona," Tawab alisema, akimsukuma sungura mmoja kwa kidole.

"Sema ulichokuja kusema, Baba Warda."

"Haji Uweis amewaona. Amewapenda."

"Amewaona wapi? Haji Uweis hajakanyaga hapa."

"Jana. Wewe ulikuwa shambani, unakata majani."

Galila akaweka chini bakuli la pumba. Haji Uweis alikuwa na duka la chakula cha mifugo na banda kubwa la sungura kando ya mfereji, na kila mtu alijua kwamba banda lile lilikuwa karibu tupu kwa vifo.

"Vitoto vikikua nitauza," alisema. "Hata dume nitauza. Majike siuzi. Ukiuza kuku na kiota chake, mayai utayatoa wapi?"

"Anachukua wote. Na vizimba."

"Tawab!"

"Punguza sauti, majirani wako darini kwao. Nagwa ni dada yangu. Baba hayupo, baba ni mimi. Unataka arudishwe kwa sababu ya mlango mmoja wa friji?"

"Nataka Warda aende shule na viatu. Viatu vya mwaka jana nani alinunua?"

"Vya mwaka huu nitanunua mimi. Au mimi si mume humu ndani?"

Swali hilo halikuwa na jibu ambalo mwanamke angelitoa akalala salama. Galila akaliokota tena bakuli la pumba. Tawab akakuna shingo, akatazama upande wa pili, kwenye matangi ya maji ya majirani.

"Kuna jambo lingine. Haji ametoa sharti. Utaenda kumfundisha mke wake kuchanganya yale mafuta. Bila hivyo hachukui."

"Na mimi nalipwa nini?"

"Unalipwa nini? Ni heshima, Galila! Mtu kama Haji Uweis anasema, mkono wa mke wako una baraka. Hujui nilivyojisikia."

Ni kweli, hakujua. Alijua tu alivyojisikia yeye.

*

Bi Atiyat, mke wa Haji Uweis, alimpokea akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda, bangili za dhahabu zikimbana mkono. Hakumwambia aketi. Ndani ya banda, majike wa Galila walikuwa wameshapangwa kwenye vizimba vya waya, na waliposikia sauti yake walisogea mbele wote kwa pamoja, wakitikisa pua. Galila akawapa mgongo ili aweze kusema.

"Kijiko kimoja cha chai kwa mfuko mdogo, ule wa kilo kumi. Lakini usiyamwage juu kwa juu. Changanya kwanza na bakuli la pumba, uvuruge mpaka pumba ikauke, halafu pumba hiyo ndiyo uichanganye na chakula. Ukizidisha, watakiogopa. Na mtoto wa sungura akishinda na njaa, tumbo linasimama. Likisimama, ndiyo kwisha."

"Kijiko kimoja," Atiyat alisema.

"Kimoja."

"Mfuko mzima."

"Mfuko mzima, bibi. Mafuta yale ni makali."

Atiyat akamtazama kwa muda, jicho moja limefumbwa kidogo kwa jua. "Mama Warda, hapa hakuna mwanaume. Tuzungumze. Mimi ningekuwa wewe, wamenibebea sungura wangu ili wifi yangu apate friji, halafu nimeletwa kwa miguu yangu nimfundishe aliyewabeba, wallahi nisingesema kweli."

"Mimi nimesema."

"Na mimi ndivyo ningejibu." Akacheka, mwili wote ukatikisika. "Hebu niambie tena. Vingapi?"

"Kimoja!"

"Haya. Kimoja. Usikasirike, natania tu. Chukua hayo mayai hapo, mpelekee mtoto."

Galila aliyachukua. Njiani alitaka kuyatupa mferejini, akakumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na jibini la kale na vitunguu tu, akayafunga vizuri kwenye mtandio.

*

Friji ilipita barabarani juu ya gari, ya milango miwili, imefungwa utepe mwekundu, na wanawake wa Izbat Hamdun wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Bahiya alilia kwa furaha. Galila alipiga vigelegele na yeye, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Henna haijafifia mikononi mwa Nagwa, Haji Uweis akafika. Alikuja mchana, wakati watu wanatoka msikitini, na hakuingia ndani ingawa Tawab alimvuta mkono. Alitaka kusikika.

"Nimezika vitoto tangu juzi!" alipaza sauti. "Vinakigeuzia chakula mgongo, vinafa! Umeniuzia sungura, Tawab, ukanipa na kijicho cha mke wako juu yake!"

"Haji, tafadhali, ingia ndani, watu…"

"Watu wasikie! Nilikuja kwako kwa heshima, nikakupa pesa mkononi. Mwanamke wako amekwenda kumpa mke wangu kipimo cha uongo. Amewaua kwa makusudi ili nisifaidi. Nataka pesa yangu. Huna? Basi najua friji ilipo!"

Alipoondoka, mlango ulifungwa, na wote wakamgeukia Galila.

"Nilijua," Bahiya alisema. "Siku ile wanachukua vizimba niliuona uso wake. La kuvunda halina ubani. Kaua wanyama, anaua na ndoa ya mtoto wangu."

"Mama, nilisema kijiko kimoja. Muulizeni Bi Atiyat mwenyewe."

"Haji ameniambia Bi Atiyat amesema ulisema vitano," Tawab akajibu.

"Vitano?" Galila alisema.

"Sikiliza," Tawab alisema, safari hii kwa upole, jambo lililomtisha zaidi. "Sema ulimi uliteleza. Ulikuwa umechoka, una uchungu. Mtu anakosea. Nitakwenda nimbusu kichwa Haji, nimwombe radhi, mambo yaishe."

"Lakini sikukosea."

"Sijakuuliza kama ulikosea! Nimekwambia sema ulikosea!"

Kabla jua halijatua, Nagwa aliingia, mtandio umeteleza, wanja umemtiririka mashavuni. Hakumsalimu mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Galila, akampigia magoti pale jikoni.

"Wifi, habari imeshafika kule. Mama mkwe ananiuliza mbele ya watu, 'Friji hii ni yako au ya sungura?' Wanacheka, wifi. Hata mume wangu amecheka."

Galila alimwinua. Msichana alikuwa mwepesi kama kifurushi cha majani makavu. Alikuwa hajala tangu jana, na hakuna kati yao aliyekuwa ametenda dhambi yoyote.

"Nyamaza," Galila akamwambia. "Nitakwenda kwa Haji."

*

Haji aliwapokea wanaume sebuleni. Galila aliambiwa apitie nyuma, kwenye banda.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Haikuwa ile ya kawaida, ya chai ya mtu mwenye mafua. Hii ilichoma macho. Alichota chakula kwenye kihori, akakikaribisha puani, machozi yakamtoka. Vitoto vilivyobaki vilikuwa vimejikunyata kwenye pembe za vizimba, manyoya yamesimama, midomo myekundu. Majike wakubwa walikuwa wanatafuna waya kwa njaa.

Alikusanya chakula chote akakimwaga nje. Akaosha vihori. Akatafuta majani makavu, akayakata mafupi, akajaza maji. Alifanya yote haraka, na Atiyat alimfuata nyuma nyuma, bangili zinalia.

"Vijiko vingapi?" Galila aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

Atiyat akajifanya anapanga vihori.

"Nakuuliza, bibi. Nijue nitawatibu vipi."

"Vitano," Atiyat alisema kwa sauti ndogo. "Na sikuweka pumba. Nilisema, akisema kimoja basi anaficha. Nikasema labda pumba ndiyo hila yenyewe."

Sasa Galila akageuka. Yule mwanamke mkubwa alikuwa ameshika nguzo ya banda kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba.

"Kawaambie."

"Siwezi."

"Mume wangu amenipeleka huku kama mwizi. Kawaambie!"

"Mama Warda, kwa jina la Mungu. Haji ameshaniacha mara mbili. Imebaki talaka moja. Pesa aliyonunulia hawa aliipata kwa kuuza ndama wa mama yake, na yule mama anasubiri nikosee tu. Nina watoto wanne. Nikitoka humu, natoka kweli." Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Wewe wako anakupigia kelele tu. Kelele zinapita."

Sebuleni, Tawab alikuwa ameinama anakibusu kichwa cha Haji Uweis. Wazee wawili wa kijiji walikuwepo kama mashahidi. Waliamua kwa haki, kama walivyosema: Haji hatadai pesa wala friji, na mke wa Tawab atakuja kila asubuhi kulisha banda, majira yote ya baridi, bila malipo, mpaka hasara ifidiwe. Chai ikaletwa. Galila aliusikia uamuzi huo kupitia dirisha.

*

Walirudi kwa miguu kando ya mfereji. Tawab alikuwa mchangamfu kama mtu aliyetoka hospitali akaambiwa si kitu.

"Umeona? Umeona mambo yanavyomalizwa? Umenyamaza vizuri. Nimekupenda kwa hilo."

"Aliweka vijiko vitano," Galila alisema. "Ameniambia mwenyewe. Alidhani namficha."

Tawab akapunguza mwendo. Mbele yao mtu alikuwa anamwosha punda wake majini, na Tawab akangoja mpaka walipompita.

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Mimi na yeye."

Alitembea kidogo. Galila aliutazama uso wake kutoka pembeni na akaona kwamba anaamini. Hilo ndilo alilolitaka siku zote zile, aaminiwe, na sasa limekuja, likasimama mbele yake bila kufanya lolote.

"Basi," Tawab alisema.

"Basi nini?"

"Basi, Galila. Nimeshambusu kichwa mbele ya watu. Nirudi nikaseme nini? Kwamba mke wake ni mwongo? Unataka niivunje nyumba ya Haji kwa neno la wanawake wawili bandani? Nagwa ametulia. Yamekwisha."

Aliongeza mwendo, na yeye akamfuata, kwa kuwa Warda alikuwa nyumbani na bibi yake na ulikuwa wakati wa chakula.

*

Majira ya baridi yaliingia na ukungu mzito. Kila asubuhi Galila aliwakandia mkate watu wa nyumba, akampeleka Warda shuleni akiwa na viatu vya mwaka jana vilivyokatwa mbele ili vidole vipumue, kisha akaenda kwa Haji. Alipima kijiko kimoja. Alivuruga pumba. Uzao mpya ulipoachishwa ziwa, haukufa. Haji akaanza kuwaleta wateja kutoka mjini, akisimama mlangoni mwa banda na mikono nyuma. "Hii ni elimu," alikuwa akiwaambia. "Mimi dawa za unga nimeacha. Mke wangu anatumia mafuta ya mimea, yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Atiyat alikuwa akisikia. Alikuwa akitazama chini.

Asubuhi moja Haji amekwenda sokoni, Galila alimaliza kazi, akaosha mikono, akasimama mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Nataka majike wawili," alisema.

"Majike gani?"

"Wale wawili wa kijivu, wa pembeni. Wana mimba. Utamwambia Haji wamekufa, nimewatupa. Nitawaweka kwa shangazi yangu, hakuna atakayejua."

"Una kichaa? Anawahesabu."

"Basi nitamwambia uliweka vijiko vingapi."

Maneno yalitoka laini, bila kukwama, kana kwamba yalikuwa yamekaa mdomoni mwake miaka mingi. Atiyat akajishika kwenye mikono ya kiti. Rangi ilimtoka usoni, uso ukabaki kama unga.

"Nilikuomba kwa jina la Mungu," alisema. "Nilikwambia kuhusu watoto wangu."

"Uliniambia."

"Usingefanya hivyo. Wewe si mtu wa hivyo."

Galila akajifuta mikono kwenye gauni. Alikuwa ameanza kufikiri hivyo hivyo yeye mwenyewe, na hakutaka kufikiri zaidi. Alinyoosha kikapu alichokuja nacho. Atiyat aliinuka kwa taabu, akaenda kwenye vizimba, akafungua, na jike wa kwanza akamponyoka, ikabidi Galila amkamate. Wakawatia wote wawili kikapuni, wakawafunika majani mabichi. Walifanya kazi ile bega kwa bega, kama ndugu wanaokunja shuka, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mwezi ujao utarudi tena," Atiyat alisema. "Utataka dume. Kisha utataka vizimba."

"Sijui," Galila alisema, na ilikuwa kweli.

Kwenye lango alikutana na Haji Uweis anarudi sokoni juu ya bajaji, mapema kuliko ilivyodhaniwa. Alishuka, akamwona na kikapu cha majani, akatabasamu.

"Unampelekea mbuzi, Mama Warda? Chukua, chukua, majani si kitu. Mungu akubariki. Nimemwambia Tawab, mke wako alikosea mara moja, lakini ni mtu mwema."

"Amina, Haji," Galila akajibu.

Kikapu kilitikisika kidogo kwenye kiwiko chake. Alikibana ubavuni, akashika njia ya kwa shangazi yake kwa kupitia mashambani, mahali ambapo ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Kwa nyuma alisikia sauti ya Haji ikimwita mke wake, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi. Hakungoja kusikia Atiyat atamjibu nini.